Kikohozi cha Alhamisi

Uongo wangu ulianza na kikohozi kimoja tu. Nilikitoa Alhamisi moja baada ya maghribi, mlangoni mwa chumba changu mwenyewe, mbele ya mke niliyeishi naye miaka thelathini na miwili. Alikuwa ameweka chetezo pembeni mwa kitanda, udi unafuka, ametandika shuka zetu nzuri, na juu ya mto kuna kikuba, kile kishada cha asumini.

Kwa asiyetoka kwetu niseme waziwazi. Katika nyumba nyingi za Malindi mjini, mke hamwambii mumewe kwa mdomo kwamba leo anamtaka. Ataona haya. Atawasha udi. Mume akiingia na kunusa, amekwisha ambiwa, hakuna haja ya maneno. Miaka yote ile mimi nikinusa udi kuanzia kwenye kona ya mtaa, nikivua viatu huku natembea. Alhamisi ile nilinusa, na miguu ikawa mizito. Nilijua mwili wangu hautaitika. Ulikuwa haujaitika miezi miwili. Basi nikakohoa.

"Una nini, babake?" akaniuliza.

"Moshi huu," nikasema, nikikohoa tena ili cha kwanza kisionekane yatima. "Siku hizi wanishika kifua."

Alikinyakua chetezo akakitoa uani mbio, anasema maskini mume wangu, maskini. Mimi nikajilaza nimeelekea ukutani, nashukuru. Nilidhani nimejikomboa.

Nawaandikia haya nikiwa na miaka hamsini na saba, na nina furaha nyingi hata kalamu inanikimbia. Nimejaribu kuandika kwa utaratibu nikashindwa. Mke wangu husema mimi ni mtu wa papara, chakula hakijapoa nishaungua ulimi, na ni kweli. Lakini mambo niliyoyaona mwaka huu ningeweza kusimama sokoni nikayasema kwa kipaza sauti. Wanaume wenzangu wangenipiga mawe, kisha wangenifuata nyumbani mmoja mmoja kuniuliza vizuri.

Mimi ni seremala wa vitanda. Mahoteli ya Watamu huniagiza, na maharusi wa mjini pia, vitanda vya mbao nzito, vichwa vyake vimechongwa maua. Cheka upendavyo. Mtu aliyewatengenezea vitanda nusu ya waliooana Malindi alikuwa akikiogopa chake.

Kitu cha kwanza kuniambia kwamba mambo yameharibika kilikuwa randa. Nimepiga randa kwa mkono tangu ujana, na mkono wangu wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa sababu hiyo. Mwaka ule nikawa nalainisha ubao mmoja, nakaa kitako. Nikanunua mashine ya umeme, nikawaambia watu ni maendeleo. Tumbo likatoka, mikono ikanywea. Nilikuwa nasinzia baada ya chakula cha mchana na kuamka nimechoka zaidi. Hasira, ambayo ninayo ya kuzaliwa, ikaongezeka mpaka nikamfokea mteja aliyekuja kunilipa. Na asubuhi zangu zikawa kimya. Wanaume wa rika langu wanaijua asubuhi ninayoisema.

Sikumwambia mtu. Nilifanya wanayofanya wenzangu wote, nilikwenda kwenye alkasusu. Hiki ni kinywaji kizito cha mizizi na viungo, kinauzwa vikombe kwa vikombe, na hapa pwani hakuna mwanamume asiyejua kinasifiwa kwa kazi gani. Sahibu yangu anayekiuza karibu na msikiti hanipunji. Nilianza na kikombe kimoja baada ya alasiri. Vikawa viwili, kisha vitatu. Juu yake naongeza supu ya pweza. Kile kinywaji ni kitamu kwa sababu ya sukari isiyo na haya, lakini nani anauliza sukari anapotafuta uanaume wake? Nilikunywa kwa imani kabisa, na kadiri nilivyokunywa ndivyo nilivyozidi kunenepa na kulala.

Sasa kikohozi. Mtu akikohoa Alhamisi tu, mke mwenye akili atang'amua mapema. Kwa hiyo ilibidi nikohoe Jumamosi pia, na Jumatatu, na wageni wakija. Kikawa kazi yangu ya pili. Mke wangu naye akaingia vitani kwa ajili ya kifua changu. Tangawizi na asali asubuhi. Jioni, kabla ya chakula, ananikalisha kwenye mkeka, ananipaka mafuta ya karafuu kifuani na kunisugua mpaka ngozi inawaka. Viganja vyake vina nguvu. Nilikuwa nakaa pale, nimefumba macho, nasuguliwa ugonjwa nisiokuwa nao, na kila siku nasema kesho nitamwambia.

Kuna jambo sijalitaja nalo ndilo zito kuliko yote. Mke wangu ni mpishi wa udi. Si udi wa kununua. Anachemsha sukari mpaka igeuke rangi, anatia vipande vya udi, ambari, miski na marashi, anakoroga kwa mwiko mmoja ambao haujawahi kugusa chakula. Sufuria yake ni ya shaba, aliachiwa na mamake, na mamake aliachiwa na wake. Bibi harusi wa Malindi akikosa udi wa mke wangu, mamake ataona amemnyima mtoto kitu. Siku ya kupika, mtaa mzima ulikuwa unajua, na watu walikuwa wakipunguza mwendo wanapopita mlangoni petu.

Nilipoanza kukohoa, aliihamishia kazi uani. Nilipoendelea, akahamia kwa jirani. Baadaye akawa anakataa kazi. Mama mmoja alikuja kumwagizia udi wa harusi ya bintiye, nikamsikia mke wangu akimwambia, "Nisamehe dada, bwana hawezi moshi." Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimeshika kikombe cha tangawizi. Nilikunywa chote.

Baada ya mwaka mzima, alinishika mkono akanipeleka hospitali Kilifi, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna daktari hodari wa vifua. Daktari mwenyewe tukamkuta binti wa bara, rika la mwanangu wa pili, mpole, macho makali.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Mke wangu akamweleza habari ya kikohozi kwa urefu, kwa tarehe, mpaka nikaona haya jinsi alivyokichunga. Daktari akaniweka chombo mgongoni na kifuani. Vuta. Toa. Vuta tena. Akanipima pumzi, akanipiga picha ya kifua, akarudi nayo akiiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwomba mke wangu aende mapokezi akashughulikie kadi yangu, na alipotoka, akakivuta kiti karibu.

"Mzee, kifua iko sawa kabisa. Wewe hufanya kazi gani?"

"Seremala."

"Kule kwa vumbi ya mbao, huwa unakohoa?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Mwaka mzima nameza vumbi la mbao kutoka asubuhi hadi alasiri na sijakohoa hata siku moja. Sikukumbuka kabisa kwamba mwongo anapaswa kukohoa hata kazini.

"Hapana," nikasema.

"Kwa hivyo ni udi peke yake. Na mama huwasha udi lini?"

Angekuwa mtoto wa hapa, asingeuliza. Kwa kuwa hakuwa, ilinibidi nimweleze mimi. Nilianza na Alhamisi, nikazunguka, nikapitia asumini, nikatazama dari, nikatazama viatu vyangu. Alisubiri. Hakucheka. Mwishowe nikasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Daktari mwanangu, mimi siwezi tena."

Sijui kama nimepata kusema maneno matatu yaliyonitua mzigo kama yale. Alichukua kalamu akaanza kuandika, kawaida tu. Aliniuliza kuhusu usingizi, kukoroma, uzito, hamu, asubuhi, hasira. Kila alichouliza nilikuwa nacho. Nilianza kusisimka. Nilikuwa kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, anasikia mgeni akimtajia rangi yake na alama ya sikio.

"Kuna homoni ya kiume, inaitwa testosteroni," akasema. "Mwanaume akizidi kuzeeka, inapungua pole pole. Kwa wengi haileti shida. Kwa wengine inashuka sana, hasa kama uzito umepanda, sukari imepanda na usingizi ni mbaya. Lakini sitaki kukisia. Utakuja asubuhi na mapema kabla ya kula, tutoe damu. Halafu utarudi asubuhi ingine tutoe tena."

"Mara mbili kwa nini? Damu si ile ile?"

"Hiyo homoni iko juu asubuhi, mchana inashuka. Na siku moja inaweza kudanganya."

Aliniuliza pia ninachokunywa. Nikamtajia alkasusu kwa fahari kidogo. Aliuliza ni vikombe vingapi, nikamwambia, akaacha kuandika akanitazama. Kisha nikatoa mfukoni kikaratasi cha vidonge nilivyouziwa stendi ya Gede, bila jina wala maelezo. Alivichukua akaviweka kando ya meza. Akaniambia vingine vya aina hiyo huchanganywa dawa za hospitali kwa siri, na kwamba mtu mwenye moyo au presha anaweza kuanguka navyo. Sikuviomba tena.

"Na mama umwambie," akasema.

"Nitamwambia leo."

Mlango ukafunguliwa, mke wangu akaingia na kadi. Daktari akamwambia kwamba kifua changu hakina ugonjwa na kwamba atanifanyia vipimo vingine, kisha akanitazama mimi, akiniachia nafasi. Mke wangu naye akanigeukia.

"Basi ni moshi wangu tu," akasema. "Kifua ni kizima, ni udi wangu ndio unaomdhuru."

Nilikuwa na pumzi ya kusema neno moja. Nikasema, "Ni moshi."

Daktari aliinamisha kichwa akaandika kitu. Uongo wa kwanza nilikuwa naogopa, naweza kujitetea. Huu wa pili nilikuwa nimeshafunguliwa mlango, nikaufunga mwenyewe.

Asubuhi za kutoa damu zilikuwa mbili, na mke wangu aliniamsha zote mbili akidhani ni vipimo vya kifua. Siku ya majibu nilikwenda peke yangu. Daktari alinionyesha karatasi. Mara zote mbili homoni ilikuwa chini ya inavyotakiwa. Sukari ilikuwa imefika ukingoni mwa kisukari, na presha imepanda kidogo. Alisema pole. Mimi, wallahi, nilitaka kumkumbatia. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini nimerogwa, au nimeishiwa na mapenzi kwa mke wangu. Kumbe kitu kina jina, kipo kwenye damu, kimeandikwa kwenye karatasi na kinaweza kupimwa tena.

"Sasa nipe sindano," nikasema. Nilikuwa nimesikia kuna sindano.

"Zipo, na kuna mafuta ya kupaka kwa ngozi pia. Kuna wanaume wanazihitaji na zinawasaidia, na si aibu. Lakini ukianza tutakuwa tunapima damu yako na tezi dume mara kwa mara, na mtu anayetaka watoto haifai kwake."

"Watoto nimemaliza."

"Hata hivyo wewe tuanze na tumbo, sukari na usingizi. Nipe miezi sita. Punguza uzito. Lala mapema. Hiyo alkasusu wacha. Na fanya kazi ya nguvu, kitu ya kuchosha misuli. Iko kazi kama hiyo?"

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Niliifikiria mashine yangu ya umeme, na randa ya mkono iliyolala kabatini imeota kutu.

Nilirudi Malindi siwezi kukaa kitako. Nilikuwa na karatasi mfukoni na nilikuwa nimeazimia kumwambia kila kitu kabla sijavua kofia. Nilipokata kona ya mtaa wetu nikaona tuktuk mlangoni petu. Ndani amekaa shemeji, mdogo wa mke wangu anayeishi Gede, na mapajani amepakata sufuria ya shaba.

"Shemeji, hiyo yaenda wapi?"

"Gede. Dada amenipa. Asema yeye kazi ya udi basi."

Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini, mwiko wa udi mkononi, ameufunga kitambaa. Alikuwa anaumalizia mzigo. Ningemkuta analia ningejua la kufanya.

"Teremsha sufuria," nikamwambia shemeji.

"Babake, wacha," akasema mke wangu. "Nishaamua. Siwezi kukuua kwa ajili ya harusi za watu."

"Sina kifua," nikasema.

"Huna kifua?"

"Sina ugonjwa wa kifua. Sijawahi kuwa nao. Nilikuwa nakohoa uongo."

Niliyasema yote pale mlangoni, kwa papara yangu, bila kupumua. Nilimwambia habari ya mwili wangu, hofu, Alhamisi ile ya kwanza, vumbi la mbao, daktari, damu ya asubuhi mbili. Nilitoa karatasi nikaifungua nikamwonyesha, ingawa hakuwa na miwani. Shemeji aliangalia upande wa pili wa barabara kwa adabu kubwa, na dereva wa tuktuk alizima injini asikie vizuri. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu anayetapika samaki aliyemdhuru.

Mke wangu aliisikiliza yote. Kisha akauliza, "Mwaka mzima?"

"Mwaka na mwezi."

"Na mafuta ya karafuu?"

"Na mafuta ya karafuu."

Aliuangalia mwiko mkononi mwake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Mimi nalidhani ni mimi. Nalidhani nimezeeka nanuka, na wewe waona haya kunambia, ndiyo wasingizia udi. Naoga mara tatu kwa siku, bwana wewe. Mwaka mzima naoga mara tatu."

Furaha yangu ikaisha hapo hapo. Nilikuwa nimejificha mimi, kumbe nimemsukuma yeye kwenye shimo langu, na alikuwa humo mwaka mzima peke yake anajisugua kwa sabuni. Nilimwambia hanuki. Nilimwambia yeye ndiye harufu pekee ninayoijua ya nyumbani. Alipita mbele yangu, akaichukua sufuria kwenye mapaja ya mdogo wake, akampa halwa ya kurudi nayo Gede, akaingia ndani.

Hakunisamehe siku ile wala wiki ile. Alinihudumia kwa heshima ya mtu anayemhudumia mgeni asiyempenda. Lakini karatasi ya daktari aliisoma, na miwani, mara nyingi kuliko mimi. Wiki ya pili sukari ikatoweka mezani. Chapati zikawa za Ijumaa tu. Samaki, mchicha, kunde, maembe kwa kipimo. Saa tatu anazima taa ya sebule na kusema, "Daktari kasema ulale." Nilijua ananitia adabu, na nilijua pia kwamba mtu hamtii adabu asiyemtaka.

Mimi nikaichukua randa kabatini, nikaisugua kutu, nikautia makali ulimi wake, nikaifunika mashine ya umeme kwa gunia. Siku ya kwanza nilipiga ubao mmoja nikaona nyota mchana. Siku ya nne mikono haikuweza kuinua kikombe. Mbao nikawa nabeba mwenyewe kutoka lori hadi karakana. Sahibu yangu wa alkasusu alininunia kweli kweli, akanitangaza kwamba nimekuwa Mzungu. Baadaye, siku moja tulipokuwa peke yetu, alinivuta kando akaniuliza ule mtihani wa damu unafanywa wapi.

Na sasa ndipo kalamu inaponikimbia. Karibu mwezi wa tatu, nilikuwa nalainisha kichwa cha kitanda cha hoteli ya Watamu, na takataka ya randa ikatoka ndefu, nyembamba, bila kukatika, kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho. Haikuwa imetoka hivyo kwa miaka. Niliishika nikatoka nayo barabarani kuitazama juani, watu wakaniona nikicheka na ganda la mbao. Tumbo lilikuwa limerudi ndani ya mkanda. Mke wangu aliripoti, bila kutabasamu, kwamba sikoromi tena kwa nguvu za kuamsha mbwa. Na asubuhi moja, adhana imekwisha na jua linachomoza, nikaamka nikakuta mwili wangu umeamka kabla yangu. Nililala nimetulia kabisa, nikiogopa kuutisha. Nilitaka kumwamsha nimwambie. Sikumwamsha, kwa sababu ruhusa hiyo sikuwa nayo bado.

Miezi sita ilipotimia, daktari alitoa damu tena asubuhi. Homoni ilikuwa imepanda. Si ya kijana, alinikanya nisijidanganye, mimi ni mtu mzima na itaendelea kushuka taratibu kama ya wengine. Lakini ilikuwa imerudi mahali ambapo hakuona haja ya sindano, na sukari ilikuwa imeondoka ukingoni. Akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia mama ndiye anayepika mchicha. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Nyumbani udi ulikuwa umerudi kitambo. Mke wangu alikuwa anapika jikoni kwake, milango wazi, maagizo yamempita kimo, na watu wamerudi kupunguza mwendo mlangoni. Ila chetezo hakikuvuka kizingiti cha chumba chetu. Alhamisi zilikuja zikapita. Nilikuwa nanusa nyumba nzima inanukia mpaka mlangoni mwa chumba, na ndani ya chumba hakuna kitu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule nikashindwa. Tulikuwa tumeswali maghribi, nikamfuata jikoni. "Mamake," nikasema, "udi wa chumbani je?"

Alikuwa anafuta sufuria yake ya shaba. Hakuinua uso. "Mimi niliwasha miaka thelathini na miwili, nikaja nikajibiwa kikohozi. Mimi kuwasha siwezi tena. Chetezo kile pale. Mkaa ule pale."

Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuona mwanamume akiwasha udi wa chumbani. Babangu hakuwasha, wala babake. Nisingejua hata unashikwaje. Nilichukua mkaa mwingi mno, nikaupepea mpaka jivu likanijaa ndevu, nikatia pande la udi ambalo lingetosha harusi mbili, nikaungua kidole gumba. Yeye alipita nyuma yangu akaenda chumbani. Sasa nilikuwa nimesimama mahali pake, nimebeba ombi langu mbele yangu, nalipeleka kwa mtu anayeweza kulikataa kwa pumzi moja.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda nilichomtengenezea mwaka tuliooana, amevaa leso mpya. Nilisimama mlangoni na chetezo kinafuka. Moshi ukamfikia. Akaunusa. Akaweka kiganja kifuani.

Akakohoa.

Sikusogea. Akakohoa tena, cha pili, kama changu. "Moshi huu," akasema, "siku hizi wanishika kifua."

Nilianza kurudi nyuma. Aliniacha nirudi hatua moja, kisha ya pili, akinitazama mpaka aliporidhika kwamba nimeogopa kama alivyoogopa yeye. Ndipo akasogea upande wa ukutani, akaniachia nafasi yangu.

"Ingia, ufunge mlango," akasema. "Wapoteza udi."